Kila Injini Ilipofika Penye Siri, Nilitumwa Chai

Mwaka wa 1988 nilikuwa na miaka 16, nimeacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo, na kazi yangu pale Kirinyaga Road ilikuwa kushika tochi. Watu wa Nairobi bado wanapaita Grogan, jina la mlowezi wa kikoloni lililong'olewa kwenye vibao vya barabara lakini likakataa kutoka vinywani. Mzee aliyenichukua alikuwa bingwa wa Peugeot 504. Alikuwa akifungua boneti anainamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza injini kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani, halafu anaanza kufungua. Mimi namulika. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha, kabla tu hajagusa kile kilichokuwa kinasumbua gari, ananyoosha mkono bila kunitazama: "Kijana, kimbia uniletee chai."

Nikirudi na kikombe, gari linanguruma safi na mteja anatoa pesa.

Nilikaa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuona kwa macho yangu jinsi pointi za distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi umeme, zinavyosetiwa. Na niliona kwa bahati. Siku hiyo mama wa kibanda cha chai alikuwa amefiwa, kibanda kimefungwa, Mzee hana pa kunituma. Alinung'unika, akageuka anipe mgongo, lakini tochi ilikuwa mkononi mwangu na hakuweza kufanya kazi gizani. Akatoa kipande cha pakiti ya sigara mfukoni, akakipenyeza kati ya pointi, akakaza. Basi. Siri yote ilikuwa unene wa karatasi, chini kidogo ya nusu milimita.

Siku hizi simlaumu. Mzee hakuwa na pensheni wala shamba la maana. Pakiti ile ya sigara ndiyo ilikuwa shamba lake. Akimwonyesha kijana leo, kesho kijana anafungua kazi hatua 20 kutoka hapo na anatoza nusu ya bei. Mafundi wote wa Grogan waliishi hivyo, na sisi maspana boi, vijana wa kushika spana na tochi, tulijifunza kwa kuiba kwa macho. Mwenye macho mepesi alikuwa fundi baada ya miaka mitano, na mwenye macho mazito alibaki kuosha vyuma kwa petroli mpaka mvi.

Naeleza haya kwa sababu nasikia wakubwa wakizungumzia uchumi wa maarifa, yaani kuishi kwa kuuza unachojua, na jinsi ya kuwaandaa vijana kwa ajili yake. Mara nyingi wanaonyesha michoro ya Konza, mji wa teknolojia, ambako Rais Kibaki alizindua ujenzi Januari 2013, au wanataja nyaya za intaneti zilizofika Mombasa kupitia baharini mwaka wa 2009. Sina ugomvi na hayo. Ila mimi uchumi huo niliuona ukiingia kupitia boneti ya Toyota, na ulipoingia ulinikuta sijajiandaa mimi mwenyewe, sembuse vijana wangu.

Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, ikaanza kutoweka. Mahali pake pakaja sindano za petroli, sensa na kisanduku cha kompyuta ambacho hakina sauti ya kusikiliza. Mzee wangu alikikodolea macho kile kisanduku kama mtu aliyeletewa mgeni asiyejua lugha yake. Alirudi kwenye 504 zake, na 504 zikazidi kupungua barabarani mwaka hadi mwaka, naye akapungua nazo.

Mimi nilinunua maarifa yangu River Road: kurasa nne za fotokopi, zimefifia, kwa mshahara wa nusu wiki. Zilisema kwamba kwenye Toyota nyingi za wakati ule kuna kijisanduku karibu na injini, na ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kupepesa. Unahesabu. Mipepeso miwili, kituo, mipepeso mitano: ishirini na tano, kompyuta inasema petroli ni kidogo mno kwa hewa iliyopo. Mipepeso miwili kisha mmoja: ishirini na moja, sensa ya oksijeni. Nilizikunja kurasa zile nikaziweka ndani ya mkebe wa Blue Band, na mkebe nikaufungia kwenye sanduku la spana. Mteja alipoleta gari nilimwambia kijana aliyenishikia tochi aende akalete chai.

Ndiyo. Hata mimi.

Nilifungua gereji yangu Industrial Area, karibu na Lunga Lunga Road, nikiwa na mabati, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na baadaye mashine ya kusoma kompyuta ya magari iliyonigharimu pesa ambazo mke wangu bado anazitaja. Vijana walitoka mitaa ya mabanda ya Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, wengine wamemaliza kidato cha nne wamepata alama zisizofungua mlango wowote. Mmoja alikaa nami tangu 2012. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu. Angeshusha gia boksi na kuirudisha huku anaimba. Lakini mashine ile sikumruhusu kuigusa.

Siku moja mwaka wa 2015 alikuja kazini na kidude kidogo cha plastiki, ukubwa wa kiberiti. Akakichomeka chini ya usukani kwenye lile tundu la pini 16, akawasha simu yake, na simu ikaanza kuonyesha yale yale ambayo mashine yangu huonyesha. Alikinunua Luthuli Avenue.

"Bei gani?" nikamwuliza.

"Elfu moja mia tano, bosi."

Siri yangu ya miaka 20 ilikuwa inauzwa Luthuli kwa bei ya kuku wawili.

Nilikasirika, kisha nikaona kwamba hasira haina pa kwenda. Nikamwachia. Na hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko lile la kuficha: nilidhani kwa kuwa sasa ana kifaa, ana ujuzi.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alileta Premio, taa ya injini imewaka. Kijana akachomeka, simu ikasoma P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Akatafuta kwenye intaneti, akakuta watu wanasema sensa ya oksijeni. Tukabadilisha sensa ya oksijeni. Baada ya siku mbili taa imerudi. Akatafuta tena, akakuta watu wengine wanasema sensa ya kupima hewa. Tukabadilisha. Taa ikarudi. Mwalimu alikuwa ametumia shilingi 17,000 na hii ilikuwa safari yake ya tatu kwangu. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Fundi, mimi darasa likifeli hesabu sianzi kwa kubadilisha wanafunzi."

Nilichukua ile simu mwenyewe, nikaacha namba ya kosa, nikafungua ukurasa ambao kijana hakuwa akiufungua, ule wa vipimo vinavyosogea gari likiwa linanguruma. Kuna kipimo kinachoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza petroli kwa asilimia ngapi kuliko kawaida. Injini ikinguruma polepole, nyongeza ilikuwa asilimia 23. Nikamwambia kijana akanyage mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika. Nyongeza ikashuka hadi 6.

"Unaona nini?"

"Imeshuka."

"Kwa nini?"

Kimya. Nikangoja. Niliona anasubiri nimtume chai.

Injini ikiwa inanguruma polepole, inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo tundu dogo linaloingiza hewa ya wizi linahesabika. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi inapotea ndani yake. Nyongeza ikishuka namna hiyo, tafuta mahali panapovuja hewa. Ingekuwa inapanda kadiri unavyokanyaga, ungeshuku pampu ya petroli imechoka au chujio limeziba. Tulipapasa nyuma ya injini tukakuta paipu la mpira limepasuka upande wa chini, mahali jicho halifiki. Lilikuwa la shilingi 400. Sensa ya oksijeni haikuwa na kosa lolote. Yeye alikuwa shahidi aliyesema ukweli, tukampiga shahidi na mwizi tukamwacha anatembea.

Zile 17,000 nilizirudisha kutoka mfukoni mwangu. Kijana alidhani ninamkasirikia. Nilikuwa najihesabia: ameshinda na mimi miaka mitatu, anajua kufungua kila kitu kilichofungwa kwa nati, na sijawahi hata siku moja kumweleza kwa nini.

Jumatatu iliyofuata nilinunua kaunta buku, daftari kubwa la jalada gumu. Nikapiga mistari: gari gani, mteja analalamikia nini, unadhani ni nini, umepima nini ukapata ngapi, mwishowe ilikuwa nini. Kila gari linaloingia, mstari mmoja.

Safu ya tatu, ile ya unadhani ni nini, ndiyo iliyotusumbua. Wiki za kwanza nilishangaa kuona vijana wangu wote wamekuwa manabii, kila walichodhani ndicho kilichopatikana. Kumbe walikuwa wanajaza jioni baada ya kazi. Nikaweka sheria: unaandika kabla boneti haijafunguliwa, kwa kalamu ya wino, na hukati. Na mimi pia naandika. Hapo ndipo gereji ilipobadilika, kwa sababu walianza kuona mwandiko wa mzee wao umesema koili na ukweli ukawa plagi, umesema pampu na ukweli ukawa fyuzi. Kuna siku nilitaka kuichana karatasi moja. Fundi wa miaka 27 kazini, kupotea njia kwa sababu ya fyuzi! Niliiacha. Nadhani ukurasa ule uliwafundisha kuliko maneno yangu yote, maana tangu hapo waliacha kuogopa kuandika wanachodhani.

Kulikuwa na mmoja ambaye hakuandika kabisa. Nilidhani ni mvivu. Baadaye nikaelewa kwamba kuandika kwake ni mateso, na shule ilimwacha ajione mjinga. Yeye tulimruhusu kurekodi sauti kwenye simu, kwa Sheng yake, na mwenzake anainakili. Ukisikiliza zile sauti unamsikia mtu mwenye akili kali anavyofikiri, anazunguka tatizo, anarudi, anasema "zii, hiyo haiwezi, juu betri iko na 12.6." Cheti cha shule hakikuwa kimemsikiliza hata mara moja.

Sasa kuna jambo la pesa, na hapa ndipo maneno matamu ya mikutano hukwama kwenye matope.

Mteja wa Nairobi analipia kitu anachoweza kushika. Mwuzie spea ya 8,000, atalipa. Mwonyeshe mikono imejaa grisi kuanzia asubuhi hadi jioni, atalipa na kukuongezea ya chai. Lakini mwambie nimepima saa nzima, nimejua tatizo ni waya mmoja, lete 1,500 ya kupima, uone. "Ya kuangalia tu? Umeshika spana dakika ngapi?" Mmoja aliniambia wazi kwamba afadhali ningebadilisha kitu. Yaani nimdanganye kwa spea asiyoihitaji ndipo pesa yake itoke bila uchungu. Na mafundi wengi hufanya hivyo. Ni wizi, lakini mteja mwenyewe amelipia darasa la wizi huo.

Kilichotusaidia ni karatasi. Tulianza kumpa kila mteja ukurasa mmoja, siku hizi tunautuma kwa WhatsApp: ulilalamikia hiki, tulipima hapa tukapata hivi, ilipaswa kuwa hivi, kwa hiyo tatizo ni hili, na picha. Kitu cha kushika. Wale wale waliokataa 1,500 ya kuangalia walilipa 1,500 ya ripoti. Wengine walienda nayo kwa fundi wao wa mtaani akaziba waya kwa 300, nami sikuona ubaya, maana nilikuwa nimeshalipwa kwa kile nilichofanya. Ilinichukua muda kulizoea wazo hilo, kwamba gari linaweza kutoka gereji bado limeharibika na kazi yangu imekwisha vizuri.

Mwaka wa 2018 alikuja binti kutoka taasisi moja ya ufundi, kwa mafunzo ya kazini ya miezi mitatu, diploma ya magari. Asubuhi ya kwanza mmoja wa vijana alimpa birika. Akalitazama, akaliweka chini. "Chai nitakunywa," akasema, "lakini sikuja kuipika." Nilicheka peke yangu mpaka mchana.

Alijua kanuni ya Ohm, ile ya volti, mkondo na ukinzani wa umeme, kama mtu anavyojua jina la mama yake. Lakini taasisini kwao injini ya kufundishia ilikuwa imekatwa katikati na kupakwa rangi nyekundu na buluu. Ilikuwa haijawaka tangu ifike. Vijana wangu walikuwa kinyume chake, mikono imejaa na hesabu hakuna. Niliwaweka wawili wawili na nikawaacha wagombane.

Gari la kwanza walilonishangaza nalo lilikuwa probox ya kubeba mikate, linazima likipata joto. Betri 12.6, sawa. Vijana walikuwa tayari kubadilisha pampu ya petroli. Binti akasema tupime volti pale pale kwenye pampu, ikiwa inafanya kazi. Mita ikasoma 9.4. Volti tatu zimepotelea njiani. Akafuata waya wa ethi, ule unaorudisha umeme, mpaka mahali unapofungwa kwenye bodi, tukakuta kutu. Msasa, nati mpya, kwisha. Pampu haikuwa na shida.

Kisha nikamwomba amweleze mwenye probox. Akaanza kwa Kiingereza cha darasani na yule jamaa akawa anatikisa kichwa kwa adabu tu, macho yamekufa. Nikamwambia binti, "Mwambie kama unamwambia mama wa kibanda cha chakula." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Umefungulia mfereji, maji yako mengi kwenye tangi, lakini kuna mtu amekanyaga paipu." Jamaa akasema, "Aaa! Kumbe." Binti naye alisimama kama mtu aliyesikia jambo jipya. Jioni aliniambia kwamba kanuni ile aliipasi kwa alama nzuri, ila ndiyo mara ya kwanza kuielewa. Tangu siku hiyo tumeifanya desturi: huwezi kusema unajua mpaka uweze kulisema kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwenu kwa mtu asiye fundi. Maneno ya kigeni ni mazuri kwa kuficha shimo. Yanaficha hata kwa mwenye shimo.

Miezi mitatu ilipoisha nilimwomba abaki. Siku hizi ndiye anayeshughulikia haibridi, magari yanayotumia petroli na umeme, nayo yamejaa Nairobi, Aqua na Prius kila kona. Betri ya Aqua za kizazi cha kwanza ni volti 144, ya Prius nyingi ni zaidi ya 200, na ndani ya mtambo wake umeme huo unapandishwa zaidi ya mara mbili. Waya za rangi ya chungwa zinazoubeba si pambo. Mimi niliyezoea volti 12 ambazo unaweza kuzishika kwa mkono mkavu na kuendelea na mazungumzo, nilikuwa mtu wa hatari kuliko wanafunzi, kwa sababu mazoea yangu ndiyo yangeniua. Nilimlipia kozi fupi. Aliporudi alininyima ruhusa ya kuzigusa. Anavaa glavu za mpira, anazijaribu kwanza kwa kuzikunja na kusikiliza kama zinatoa hewa, anachomoa plagi ya usalama, halafu anatufanya tungoje dakika 10 umeme uliobaki ndani ushuke. Dakika 10 za kukaa bure. Kwa spana boi wa Grogan hizo ni ndefu kama kwaresima. Mara ya kwanza nilisema tano zinatosha. Alinitazama tu, akauliza ni wapi nimepima hilo.

Vijana wa sasa wanauliza simu swali na simu inawapa jibu lenye sababu nane, kwa ufasaha kuliko mimi. Sijali. Sababu nane ni mwanzo mzuri wa safu ya tatu. Swali langu kwao ni lile lile: ukipima wapi utazipunguza zibaki mbili? Simu haina mikono, na gari la mteja haliko kwenye simu.

Wakati mwingine watu huniuliza kuhusu shule. Mimi nilifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka wa 1986, kundi la pili la mfumo wa elimu wa 8-4-4, na tuliambiwa maneno karibu yale yale tunayoyasikia leo: elimu ya mikono, kijana ajitegemee. Tulitengeneza vigoda. Shule yetu ilikuwa na msumeno mmoja kwa wanafunzi zaidi ya 40, na kigoda changu kilitengenezwa na baba yangu usiku wa kuamkia ukaguzi. Kitinda mimba wangu yuko katika kundi la kwanza la mtaala mpya, lililoingia sekondari ya juu Januari 2026, amechagua mkondo wa sayansi na teknolojia. Namtakia heri. Huwa namwuliza jambo moja tu akirudi nyumbani, kama kuna mwalimu aliyekosea leo mbele yao na akasema nimekosea. Hajanipa jibu la ndiyo mara nyingi.

Yule kijana wa kidude cha Luthuli aliondoka mwaka wa 2019. Aliondoka Ijumaa, akasema anaenda mazishi Kitui, na Jumatano nikasikia amefungua gereji yake mwenyewe, barabara hiyo hiyo. Mwenzake akaniambia kwamba kabla ya kuondoka alipiga picha kaunta buku zote tatu, ukurasa kwa ukurasa, kwa simu. Miaka minne ya makosa yetu na majibu yake.

Nilimchukia. Nilipita mbele ya mabati yake miezi kadhaa bila kumsalimia. Nilimkumbuka Mzee wangu wa 504 na pakiti yake ya sigara, nikasema kumbe mzee alijua. Nilifikia hatua ya kuzifungia kaunta buku kabatini, na vijana wakaanza kuandika kwenye vikaratasi.

Lakini siku moja nilizitoa nipekue nione hasa ameniibia nini. Nikafika kwenye mstari mmoja wa Novemba 2018. Lori la kampuni fulani lililokuwa limezunguka gereji nne, linazima ovyo kila mvua ikinyesha. Mwandiko wake. Amedhani: maji yanaingia kwenye kiunganishi cha waya nyuma ya taa. Amepima hivi, amepata hivi. Ilikuwa: hicho hicho. Kampuni ilinilipa 5,000 kwa kulipata tu, nakumbuka niliringa nayo wiki nzima, mteja amelipia akili! Nikafungua daftari langu jingine, la malipo ya vijana. Siku hiyo alipata 700, kama siku aliyoosha vyuma. Na soda.

Nilikuwa nimewashawishi wateja wa Nairobi kulipia kujua, na mimi mwenyewe nilikuwa bado nalipia kushika spana.

Nilimpigia simu. Hatukuzungumzia picha. Alikuwa na Nissan moja inayomsumbua, tukakaa kwenye simu kama nusu saa, na nilimwambia aangalie ethi kwanza.

Tangu 2020 gereji inagawana pesa za ripoti. Aliyepima na kupata anachukua asilimia 40, na jina lake linaandikwa chini ya ukurasa unaokwenda kwa mteja. Siku za mwanzo niliumia kila nikihesabu. Kisha nikagundua kwamba vijana wanafika kabla yangu asubuhi, na kaunta buku zimerudi mezani, wazi, za mtu yeyote kupiga picha. Wiki iliyopita binti ameniambia asilimia 40 ni ndogo kwa gari za haibridi, kwa sababu hatari ni yake na ujuzi ni wake peke yake humu ndani. Anataka 60. Nimemwambia 50 na nimnunulie glavu mpya. Bado tunaongea.